Nyimbo Zote za Mama Goya

Si kiziwi, mjukuu wangu. Nani kakwambia bibi yako Fermina ni kiziwi? Yule anasikia mpaka mfuniko wa sufuria ukianguka nyumba ya jirani. Mkipiga makelele pale barazani kwake, mkigonga mabati, mkiimba mpaka kuku wanakimbia, anawasikia sana. Ila hawanyamazishi. Hawezi. Nimemwona mara nyingine kidole kinaanza kupanda chenyewe, kinafika kidevuni, halafu anakishusha upesi kama mtu aliyefumwa anadokoa nyama. Hiyo ina habari yake. Kaa hapo. Shika hiyo ndizi umenye, mikono isikae bure.

Nyie mmemkuta ameshazeeka, anafuga kuku, mnamwona bibi kama bibi wengine. Lakini huyo ndiye alikuwa mkubwa wa maktaba ya nchi. Belize yote hii, kuanzia kwenye miwa kule kaskazini mpaka huku kwetu kwenye samaki na mihogo. Kila kinachochapwa, kitabu, gazeti, hata karatasi ya kutangaza dansi, sheria inataka nakala ipelekwe kwake aiweke. Mimi shule niliiacha pale walipoanza habari za kugawanya, kwa hiyo usiniulize alivyokuwa anavipanga. Najua alikuwa anaviweka, na havipotei.

Mama yake alikuwa Gregoria, sisi wote tukimwita Mama Goya. Ni dada mkubwa wa mama yangu mzazi. Kwa hiyo Fermina ni dada yangu, tumekula sahani moja na tumechapwa fimbo moja. Mama Goya alikuwa na sauti, we acha. Akimwita mtu kwa jina huku nyumbani, wanaitika wawili kule mtoni ambao hata hawakuitwa. Na alikuwa na kipaji cha nyimbo. Unajua wanawake wetu wa Kigarifuna, mtu akiumizwa hagombani, anakaa kimya siku mbili tatu, halafu anatoka na wimbo. Ukishatoka umetoka. Utaimbwa kwenye kukuna muhogo, utaimbwa kwenye msiba, na wewe uliyeimbwa utapita njiani unaangalia miguu yako. Mzee Inocente aliiba nguruwe wa watu akaimbwa, mpaka leo wajukuu zake hawafugi.

Sasa Fermina kuanzia udogo alikuwa mtu wa kimya. Zamani zile kulikuwa na sanduku la vitabu linaletwa na lori, linawekwa kwenye baraza la shule ya kanisa, baada ya muda linachukuliwa linaletwa jingine. Masista wakampa yeye ufunguo. Alikuwa anauvaa shingoni pamoja na msalaba. Ukitaka kitabu, unaonyesha mikono kwanza, mbele na nyuma. Mimi nilikuwa nanawa, nakaa, naangalia picha ya treni, nanyanyuka. Nikicheka tu, kidole mdomoni: shhh. Umri huo huo, mjukuu wangu. Nadhani alizaliwa nacho.

Basi masista wakampeleka shule mjini. Kutoka hapo akachukuliwa Jiji la Belize kubandika karatasi kwenye migongo ya vitabu. Wakaona ana akili, wakampeleka Jamaica kusoma kazi hiyo yenyewe. Aliporudi alirudi na viatu vinavyoongea na sauti isiyoongea. Unamwamkia kwa nguvu, anakujibu kama mtu anayekuambia siri. Mama Goya anamwuliza, "Mwanangu, Jamaica walikupa chakula kweli? Mbona pumzi imekwisha?"

Lakini kazi aliijua, hilo nalisema hata nikiamshwa usingizini. Kile kimbunga kikubwa kilipoingiza bahari mjini, magazeti ya zamani yote yakalowa. Wengine wanatafuta mabati yao, Fermina anatafuta vibanio vya nguo. Nilipeleka muhogo kwa lori nikamkuta uani, kamba zimefungwa huku na huku, magazeti yameanikwa kama nepi. Majirani wanamcheka, "Bi Fermina, leo unafua habari?" Anageuza karatasi moja moja, kwa ncha za vidole, kama anamgeuza mgonjwa.

Halafu ile ya tajiri wa magogo. Hiyo niliisimulia mimi kijiji kizima mpaka watu wakachoka. Tajiri mmoja mzito alikuja ofisini kwake. Kuna gazeti la zamani ndani yake baba yake ametajwa kuwa mwizi wa ardhi ya watu, na mahakama ilimpata na hatia. Tajiri anataka ukurasa ule ukatwe. Mmoja tu. Akatumia lugha nzuri, akatumia lugha mbaya, akaleta na mkubwa wa serikali. Fermina akawaambia kwa ile sauti yake ya siri, "Mimi si mwenye hizi karatasi. Mimi ni mlinzi. Neno likishaingia mlangoni hapa halikatwi, hata lingekuwa langu." Wakamnyima cheo miaka mingi kwa neno hilo. Walipokuja kumpa, walimpa kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kitu kiko wapi.

Hata lingekuwa langu. Shika hilo neno, tutalirudia.

Sasa aibu. Nasogea taratibu kwa sababu siipendi.

Alipopewa ukubwa, wakajenga ukumbi mpya wa kusomea, na siku ya kuufungua ikatangazwa redioni. Mama Goya akasikia jina la mwanawe redioni. Hakuna aliyemwalika, wala yeye hakuona kuwa mama anahitaji mwaliko. Akaamka akakuna muhogo, akaukamua, akaoka ile mikate yetu mipana kama ungo, akaifunga kwenye kitambaa, akaniambia, "Teo, unanisindikiza." Nikavaa shati la kanisani. Tukapanda basi, mkate mapajani, kila kwenye shimo anaukumbatia kama mtoto.

Tukafika watu wameshakaa. Suti, kofia, wazungu wawili watatu, mabibi wa mjini na mapochi. Kimya kama kanisani kabla ya padre. Fermina amesimama mbele anasoma hotuba, na viatu vyake virefu. Mama Goya akasimama mlangoni, akamwona. Moyo ukamjaa. Akaita, ile sauti yake ya mtoni, tena kwa lugha yetu, "Fermina, mwanangu, nimekuletea mkate wako."

Watu wakageuka. Mwingine nyuma akacheka. Hata vitabu naona viligeuka.

Fermina akanyanyua macho. Akatuona, usifikiri hakutuona. Kidole kikapanda mdomoni. Shhh.

Kulikuwa na bibi mmoja wa kofia amekaa mbele, akamwuliza taratibu, "Huyo nani?" Na ule ukumbi, mjukuu wangu, walikuwa wameujenga vizuri mno, neno likidondoka mbele unaliokota mlangoni. Fermina akasema kwa Kiingereza, "Ni mama mmoja wa kusini. Anauza mkate."

Mimi Kiingereza changu kibovu, lakini Kiingereza cha kuuza na kununua kila mtu anacho. Nilijisikia shati limenibana shingo. Nikamwangalia Mama Goya. Uso wake haukubadilika. Ungeweza kufikiri hakusikia. Akanigusa mkono tukatoka nje, tukakaa kwenye ngazi.

Mama Goya hakuwahi kuuza mkate maisha yake. Anaoka, anagawa, ukimtolea kitu anaona umemtukana. Lakini siku hiyo akakifungua kile kitambaa juu ya ngazi, akapanga mikate vizuri.

Nikamwambia, "Mama mkubwa, unafanya nini?"

"Si amesema ninauza? Nisimfanye mwongo mbele ya wageni wake."

Watu walipotoka akauza. Anatabasamu, anawavunjia vipande, anawaambia kula na samaki. Yule bibi wa kofia akanunua kipande, na Fermina alipotoka naye akamvunjia nusu akampa, "Onja, Bi Fermina, huyu mama wa mkate wa kusini ni hodari." Akauonja. Yuko hatua moja kutoka magotini kwa mama yake, anatafuna mkate alionunuliwa na mgeni. Mama Goya akamwambia kwa Kiingereza, "Asante, bibi." Mwanawe, nasema. Akamwita bibi.

Kwenye basi hakulia. Alikuwa ananguruma chini chini puani. Nikajua. Tulipofika kijijini wimbo ulikuwa tayari.

Kesho yake wanawake waliushika kwenye kukuna muhogo, wiki ile ile watoto wanarukia kamba nao. Una kituo katikati, wanawake wote wanapandisha kidole mdomoni kwa pamoja, shhh, halafu unaendelea. Mzuri sana. Hiyo ndiyo shida yake, ulikuwa mzuri, hauachiki. Lakini Fermina akija nyumbani unakatika ghafla. Basi likionekana kona ya kanisa tu, mtu anasema "mwenye wimbo huyo", midomo yote inafungwa. Tulikuwa tunamwonea aibu. Na sisi tunajionea aibu, kwa sababu tunacheka naye mezani huku tunamjua kwa wimbo.

Na alikuwa anakuja. Kila Krismasi anakuja, na vitambaa, na dawa za miguu za mama yake. Mama Goya anampokea vizuri, anampikia. Kila Krismasi anamtengea kile kipande cha mkate cha pembeni kilichoungua, cheusi. Fermina anakitafuna na kusema, "Mama anajua napenda cha kuungua." Mama Goya anacheka. Nyie mngefikiri mapenzi tu.

Miaka ikaenda hivyo. Fermina akastaafu, wakamfanyia sherehe, wakampa saa ya ukutani. Mama Goya naye alikuwa ameshatutoka. Ikabaki ile siku ya kuvua nguo nyeusi, mwaka ukitimia.

Unajua kwetu hapa ilivyo kwa mtu aliyetunga. Asubuhi mnaoga baharini, mnavua nyeusi, mnavaa za rangi. Halafu wanawake wanapanga mstari, wameshikana vidole vidogo, wanaimba nyimbo za marehemu zote, bila ngoma. Chakula hakiguswi mpaka wa mwisho uishe. Marehemu anakula kwanza, na marehemu anakula kwa masikio. Na mtu akikata wimbo katikati, yeye ndiye atakayeushika pale pale alipoukata. Wengine wote hawana ruhusa. Sijui sheria hiyo imetoka wapi, nimeikuta.

Fermina akaja siku chache kabla, amejawa na jambo. Amekuja na mwenzake, Bi Verna Gillett, Mkrioli wa mjini, ndiye aliyeachiwa kiti chake. Wamebeba mashine ya kunasa sauti. Akatukusanya uani kwa mama yake, akasimama, akaongea.

"Nimeweka maneno ya watu wote wa nchi hii," akasema, "na ya mama yangu sikuweka hata moja. Naona haya kulisema. Sasa Verna atanasa nyimbo zake, zikakae maktaba, zisipotee. Naomba ziimbwe zote. Msiruke hata moja."

Watu wakaangaliana. Mimi nikaangalia juu ya paa.

Mama mdogo Tomasa, ndugu wa mwisho wa Mama Goya, ndiye alikuwa kiongozi wa mstari. Mkavu kama kuni, mdomo kama kisu cha samaki. Akamwuliza, "Zote?"

"Zote, mama mdogo."

"Una hakika, mwanangu? Mama yako alikuwa na nyimbo nyingi. Nyingine ndogo ndogo tu, za kuchekesha."

"Kazi yangu siku zote ilikuwa hiyo. Sichagui. Zote."

"Haya. Watu wamesikia," Tomasa akasema. "Mimi nisije nikaulizwa."

Jioni nikamfuata Tomasa jikoni kwake. Nikamwambia, "Mama mdogo, ule mmoja uruke. Mhurumie."

Akasema, "Teo, mimi nimemhurumia tangu siku ile mpaka leo. Dada yangu je? Akihesabu nyimbo zake akakuta mmoja hakuna, atamwuliza nani? Atakuja kwangu mimi, maana ndiye ninayelala peke yangu."

Nikarudi kwangu.

Siku ikafika. Tukaoga, tukavaa. Mimi nilikuwa kwenye kinu, na wanaume wengine, tunatwanga ndizi zilizochemshwa, na ndizi hizi ukiziacha zikapoa zinakuwa gundi. Samaki wako kwenye tui. Harufu imeshika kijiji. Mashine ya Bi Verna iko kwenye kigoda mbele ya mstari, kitaa chake chekundu kinawaka. Fermina amekaa kiti cha mbele, gauni la njano, mikono mapajani.

Wakaanza na za usichana wake. Ukaja wa mume aliyekwenda Honduras kununua kamba akarudi na mke. Watu wakacheka, hata Fermina alicheka na kufuta macho. Wakaimba wa nguruwe, wajukuu wa Inocente wakajifanya wanafukuza inzi. Ukaja wa kimbunga. Jua limeshapanda, watoto wanalalamika njaa. Ukabaki mmoja.

Tomasa akavuta pumzi. Nikaacha mchi.

*Nimezaa mlinzi wa nyumba ya maneno,*
*maneno ya watu wote yamo ndani,*
*nikabisha hodi na langu moja,*
*mwanangu akaniambia*

Na vidole vyote vikapanda. Mstari mzima wa wanawake, vizee na wasichana, kidole mdomoni. Shhh.

Fermina alikuwa ameshaelewa kwenye neno la "mlinzi". Nilimwona shingo ikinyooka. Alisimama, kiti kikaanguka nyuma, na kabla hawajashika mstari unaofuata, mkono wenyewe ukapanda. Kidole mdomoni. Akawaambia kwa nguvu kuliko wote, "Shhh."

Wakanyamaza. Hapo hata bahari sijui ilikwenda wapi. Wamesimama wanaangaliana, yeye na mstari, vidole vyote vipo midomoni, kama mtu amesimama mbele ya kioo.

Kijukuu kimoja kikasema, "Bibi naye anaujua."

Tomasa akachomoa kidole chake kidogo kutoka kwa mwenzake. Akasema, "Basi. Tumenyamazishwa. Mwenye kunyamazisha anajua atakavyofanya." Akaenda akakaa kwenye gogo, akajifunika kanga miguuni. Mstari wote ukakaa.

Fermina akageuka kwa Bi Verna. "Hicho cha mwisho kifute."

Bi Verna alikuwa mwanamke mpole, mnene, amefundishwa kazi na Fermina mwenyewe tangu msichana. Akaangalia mashine, akaangalia chini. "Bosi," akasema.

"Kifute, Verna. Hakijaisha. Si wimbo, ni kipande."

"Vipande tunaweka, bosi. Umenifundisha wewe." Naye anaona haya, anasema huku anachezea waya. "Ukiniamuru kama mama mwenye msiba nitafuta, na sitamwambia mtu. Lakini yule bwana wa magogo bado yupo hai. Bado ananiletea barua kila mwaka kuhusu ule ukurasa. Mwaka huu nimjibu nini?"

Fermina akavua viatu, akaondoka pale katikati ya watu navyo mkononi, akaja kibandani kwangu kwenye kinu. Mimi nikajifanya natwanga. Akasimama karibu yangu mpaka nikaacha.

"Ulikuwepo," akasema.

"Nilikuwepo."

"Nilijua hamkusikia. Mlikuwa mbali, mlangoni. Miaka yote nimejiambia mlikuwa mbali. Hiyo shhh, sawa, mama aliiona, nilisema ataelewa, ni sheria ya mahali. Lakini lile lingine."

"Dada, alisikia."

"La mkate?"

"Kwani unafikiri aliuza kwa nini? Uliwahi kumwona anauza?"

Akakaa chini kwenye maganda ya ndizi, na gauni lake la njano. Akawa anaangalia mikono yake. "Nilisema atafanya watu wanicheke," akasema. "Nilisema hawa wakijua natoka kwa mwanamke wa kuita watu mtoni, kesho watasema nimepewa kiti kwa huruma. Nikamwuza kwa nusu pumzi, Teo. Na ni mimi niliyekuwa nimemfukuza yule tajiri kwa kumficha baba yake, nikajiona mimi ndiye mtu."

Nilimpa maji. Nilikuwa naona haya kumwangalia mtu mzima hivyo, mkubwa wa maktaba, amekaa kwenye maganda. Huko nje wanaanza maneno. Namsikia Bitoriano, yule mlafi, anasema, "Kama marehemu hali, basi na sisi atuhurumie, samaki anaganda." Mke wake anamwambia, "Wewe ukifa tutakuimbia wimbo wa sufuria." Mtoto analia.

Fermina akauliza, "Na kama nikisema basi, tule hivi hivi?"

"Watu wataondoka. Si kwa hasira. Wataona aibu kula. Na Mama Goya atabaki mlangoni."

Mlangoni. Sikulisema kwa kusudi, lilitoka tu. Lakini nilimwona limempata.

Akasimama. Akatoka hivyo hivyo peku, maganda yamemshika nyuma, mpaka kwa Tomasa. Akapiga magoti mbele ya lile gogo.

"Mama mdogo, endeleeni. Mwacheni aseme."

Tomasa akasema, "Sisi tumenyamazishwa. Kamba umeikata wewe, uifunge wewe."

"Siujui mbele."

"Hukuwahi kukaa ukausikia. Ila mtoto wa miaka mitatu hapa anaujua. Mkubwa wa maktaba hana hata kipande." Akamwangalia kidogo, midomo ikacheza. "Simama. Nitakutajia, wewe uimbe. Toa kidole."

Wakapanga mstari tena. Fermina katikati, kidole chake kidogo kwa Tomasa, kingine kwa mwanamke mwingine. Bi Verna akauliza kwa macho. Fermina akamwambia, "Acha iwake. Yote, na ile shhh yangu. Usikate."

Tomasa akamtajia. Fermina akaimba, kwa sauti ya ofisini.

"Nani anaimba?" Tomasa akasema. "Mimi sisikii. Sauti umeifungia kabatini?"

Akarudia.

"Bado. Mama yako hasomi midomo. Muite kama alivyokuita."

Fermina akafumba macho. Na ikatoka, mjukuu wangu. Mbaya, inakwaruza, inapasuka katikati kama debe, lakini kubwa. Sikujua anayo. Kule mtoni walisikia.

*Mama mmoja wa kusini, anauza mkate,*
*kula, mgeni, ni wa kununua,*
*hata bibi mwenye viatu ameonja,*
*nimemwambia asante.*

Anaimba huku machozi yanamwingia mdomoni, anajitaja mwenyewe, mbele ya kijiji, mbele ya mtu aliyekalia kiti chake, mbele ya kile kitaa chekundu. Hakuruka neno. Sisi ndio tulikuwa hatuna pa kuangalia. Hata Bitoriano alivua kofia. Sote tuliouimba kwa kucheka miaka yote hiyo, tulikuwa tunausikia mara ya kwanza.

Mstari wa mwisho Tomasa alimtajia taratibu, na hapo nilimwona Fermina anasita, anamgeukia.

"Ndivyo ulivyo?"

"Ndivyo alivyoumaliza. Imba."

*Akirudi nyumbani mwanangu, msimgombeze,*
*mkalisheni, mpeni mkate,*
*kile kipande cha pembeni,*
*kilichoungua.*

Akaumaliza. Halafu akapiga kelele kidogo, sijui kicheko, sijui kilio, akajishika kifuani. "Krismasi zote," akasema. "Krismasi zote, na mimi nashukuru." Wanawake wakaanza kucheka naye, wengine wanalia, Tomasa anamfuta uso kwa kanga kama mtoto mwenye kamasi, kwa nguvu. Bi Verna akainama akazima mashine.

Samaki tukampasha upya. Ndizi nikazitwanga tena kwa maji ya moto, mikono ilikuwa inaniuma mpaka mabegani. Sahani ya Mama Goya ikatengwa kwanza, kwenye meza yake, na kikombe chake. Halafu meza ndefu ikasogezwa kivulini. Fermina akaenda kukaa mwisho, kule kwa watoto. Tomasa akavunja mkate akagawa huku na huku, akafika kwake, akapekua kitambaa mpaka chini, akatoa kipande cha pembeni, cheusi kabisa, akakiweka mbele yake bila neno.

Fermina akakivunja. Watoto wanapiga vijiko mezani, wanagombania kichwa cha samaki, makelele matupu. Akamsogezea mmoja bakuli. Mimi nikanawa, nikavuta kigoda, na ndipo sote tukakaa tukala.